Mwenye Nyumba wa Barazani

Ochola alikuwa na cherehani moja, chumba kimoja cha kupanga huko Ggaba, Kampala, na uongo mmoja alioutuma nyumbani kwa barua miaka mitano mfululizo. Cherehani ilikaa barazani, chumba kilikuwa nyuma ya baraza, na uongo ulikuwa Kisumu kwa mdogo wake Odero, ukiishi vizuri kuliko yeye mwenyewe. Aliandika kwamba amejenga nyumba ya vyumba vinne karibu na ziwa, ana wapangaji, na kushona anashona kwa kupenda tu, mikono isikae bure.

Mtu akiwa mbali huandika hivyo. Anaanza na kaneno kadogo ka kumfurahisha mama, halafu barua ya pili inabidi ilingane na ya kwanza, na ya tatu ilingane na ya pili. Ochola hakuwahi kufikiri kuna mtu atakayekuja kuhesabu vyumba.

Mwaka wa tisini na tatu kiwanda alichofanyia kazi Odero kilifungwa, na mkewe Teresa akatumwa kuutazama mji. Familia ile haikuhama kwa kusikia. Mke hutangulia, anakaa siku nne, anauliza bei ya unga, anaonja maji, anatazama watoto wa wenyeji wamevaa nini miguuni, kisha anarudi na jibu. Akisema ndiyo, mizigo inafungwa. Akisema hapana, hakuna wa kubishana naye.

Alifika Alhamisi mchana, kikapu begani, miguu imevimba kwa basi. Kabla hajakaa sawasawa, mama mwenye nyumba akatoka jikoni na sinia: matoke, samaki, na mchuzi wa karanga. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini, amevaa gomesi, lile gauni refu lenye mabega yaliyochongoka na mshipi kiunoni. Mtaa mzima ulimwita Hajati. Akapiga magoti, akasema, "Kulikayo, nnyabo," karibu kutoka safarini, mama, akaweka chakula chini na kuanza kumnawisha mgeni mikono.

"Huyu ni nani, shemeji?" Teresa akauliza.

Teresa alikuwa Mluhya wa Mumias. Kijaluo chake kilikuwa cha kusalimia wakwe tu, kwa hiyo yeye na Ochola walizungumza Kiswahili tangu siku ya arusi yake.

Ochola akamwangalia Hajati, ameinama na birika lake. Huyu ndiye aliyempa baraza bila malipo alipofika na cherehani kichwani na malaria mwilini. Huyu ndiye aliyemnywesha uji wiki mbili.

"Mpangaji wangu," akasema. "Mjane. Namvumilia tu."

"Shemeji! Si anasikia?"

"Huyu? Kiswahili? Hata maji hajui kuyaita. Waganda wa hapa watakwambia Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Sema chochote, ni kama kumsemea kuku."

Na kweli Wakenya wengi wa Kampala waliishi hivyo. Kwenye teksi, dukani, sokoni Owino kwenye mitumba, walimsema mtu mbele ya uso wake kwa Kiswahili, wakacheka, na mtu mwenyewe akatazama dirishani. Ilikuwa kama kuwa na chumba chako cha faragha unachotembea nacho.

Hajati akamaliza kunawisha, akainuka taratibu akishika goti, akaenda zake.

Siku mbili zilizofuata Teresa aliuhoji mji. Aliwahoji wauza samaki wa pale Ggaba kwenye mitumbwi, akamhoji mwenye baiskeli ya kubeba abiria, akamhoji Byron, Mkenya aliyeuza vipuri vya magari mjini.

"Kampala ni saizi ya mtu," Byron akamwambia. "Si Nairobi. Nairobi mtu akikukanyaga anakuuliza mguu wako ulifuata nini pale. Hapa utamkanyaga wewe, na yeye ndiye atakayekuambia pole."

"Na ubaya wake?"

"Mvua, mama. Haipigi hodi. Na bei. Muuzaji anakupigia magoti, anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za ziwa, na akiwa bado amepiga magoti anakupandishia bei."

"Vita je?"

"Vimekwisha miaka saba sasa. Watu wanapaka rangi nyumba. Ukiona mtu anapaka rangi, ujue hana mpango wa kukimbia."

Jumapili baada ya kanisa Teresa akarudi uso unang'aa. Ochola alikuwa barazani anapindua kola ya shati. Hatua tatu kutoka kwake Hajati alikaa mkekani akimenya ndizi, na ng'ambo ya ua, jirani alikuwa akifua.

"Shemeji, tunakuja," Teresa akasema. "Nimeridhika. Mji una watu na una nafasi. Odero atapata kitu, nami nitauza omena, hawa dagaa wa ziwani. Tena chumba kile cha pembeni si kitupu? Tutaanzia humo. Mtu ana shemeji mwenye nyumba, kwa nini akalale kwa watu?"

Sindano ya Ochola ikasimama. Alikuwa ameomba Mungu mji umchukize. Kichwani alimwona Odero akishusha magodoro uani, akimuuliza Hajati, "Samahani, mama, wewe ni mpangaji wa chumba kipi?"

"Chumba kile hakifai," akasema.

"Kina nini?"

"Si chumba. Ni huyu." Akaelekeza kidevu mkekani. "Huyu mama si mtu mzuri. Waliopanga pale wote walitoka wanaumwa. Usiku anasikika anaongea peke yake. Una watoto, Teresa. Siwezi kuwaleta watoto wa ndugu yangu kwenye mlango wa mchawi."

Teresa akashika kifua. "Basi mfukuze. Nyumba si yako?"

Hapo angeweza kunyamaza. Angeweza kukohoa, kwenda chooni, kufanya lolote.

"Nitamfukuza," akasema. "Mwisho wa mwezi. Nilishaamua."

Kisu cha Hajati kikatua kwenye beseni. Akajifuta mikono kwa ganda la ndizi, akageuka, akapiga magoti kumwelekea Ochola, kama mpangaji anavyopiga magoti.

"Mwenye nyumba," akasema kwa Kiswahili, "mimi naomba. Ngoja Idi ipite. Mimi ni mutu muzee, vitu yangu iko mingi. Nitatoka pole pole."

Ng'ambo ya ua, jirani akaacha kufua.

Miaka mitano ilimpita Ochola kichwani kwa mkupuo mmoja: kila aliyomsemea mwanamke huyu na Wakenya wenzake pale pale barazani, kuhusu mwendo wake, unene wake, kuhusu meno. Kila mzaha. Na yeye amekaa hapo anamenya ndizi.

"Anaelewa!" Teresa akanong'ona. "Shemeji, mama wa watu alikuwa anaelewa!"

"Naelewa, mwanangu," Hajati akasema. "Mimi naitwa Kaltumi. Nalizaliwa Bombo, kwa Wanubi, kambini. Baba yangu alikuwa sajini. Kiswahili mimi sikusoma, nalinyonya. Saa ile serikali yetu ya askari ilianguka, walitufukuza, tukakimbia Sudani. Vita ilipoisha nikarudi hapa kwa nyumba ile shangazi aliniachia. Watu wakaniona na gomesi, wakasema huyu Muganda. Nikanyamaza. Kiswahili hapa ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabara: leta kipande, lala chini. Nani atataka kusikia hiyo kwa mulango yake?" Akatupa jicho kuelekea uani kwa jirani, kisha akalirudisha. "Lakini wewe njoo. Chumba iko. Shemeji yako ni mwenye nyumba muzuri, hajawahi kunisumbua. Mimi ndiyo nitahama."

Hakukuwa na kejeli usoni mwake, na hilo ndilo lililomuumiza Ochola zaidi. Alikuwa akimpa nyumba yake, mbele ya mgeni wake, asiaibike.

Teresa naye akateremka chini, akapiga magoti kando ya yule mama. "Shemeji, usimfukuze. Nakuomba. Kwa ajili yangu mimi? Sitaki. Dhambi hiyo siibebi mpaka Kisumu."

Wanawake wawili chini, naye juu ya kiti cha cherehani. Hakuwahi kukaa mahali pa juu namna ile, wala pabaya namna ile.

"Inuka, Teresa," akasema. "Nyumba si yangu."

"Ati?"

"Ni yake. Yote. Mimi napanga chumba kile cha nyuma. Baraza alinipa bure."

Teresa akahesabu milango kwa macho. "Na wapangaji?"

"Sina."

"Na cherehani?"

"Cherehani ni yangu."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akategemea kutukanwa. Teresa hakumtukana. Aliinuka, akamshika Hajati mkono na kumwinua, akampangusa vumbi magotini, kwanza goti moja, kisha la pili. "Mama," akasema, "kile chumba, nikikuomba mimi mwenyewe, utanipa?"

"Si nimesema chumba iko?"

"Na hawa majirani, sasa wamekusikia."

"Wamesikia." Hajati akavuta pumzi. "Basi watasikia na kesho."

Jumatatu asubuhi, kabla Teresa hajapanda basi, Ochola alimfuata Hajati jikoni. Alikuwa amepanga maneno, maneno mazuri ya Kiswahili. "Mama Kaltumi," akaanza, "nimekukosea, na sijui nianzie..."

"Sitegedde, ssebo," akajibu bila kugeuka. Sijaelewa, bwana.

Akajaribu Kiganda. Kiganda chake kilikuwa cha fundi, cha kiuno na mikono, cha refusha na fupisha, cha rudi Jumamosi. "Nsonyiwa, nnyabo," akasema, lile neno moja la kuomba msamaha ambalo kila mgeni analijua, ambalo mtu hulitoa akimgonga mwenzake kwa kiwiko sokoni. Alingoja kama kuna jingine litakuja nyuma yake. Halikuja. Hajati aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia aliyekugonga kwa kiwiko, akaendelea kupuliza moto.

Teresa na Odero walihamia mwezi uliofuata. Mji uliwapokea. Jioni Teresa na Hajati walikaa mkekani wakichagua omena, wakizungumza Kiswahili kwa sauti, na Hajati alikuwa na visa vya kambini vya kumfanya mtu ashike mbavu. Hata yule jirani alizoea kuja na kigoda chake. Ochola alisikia vyote kutoka kwenye cherehani, na kuna siku alicheka kabla hajajizuia. Mkekani wakanyamaza. Hajati akamgeukia, akamuuliza kwa Kiganda, kwa adabu kabisa, kama gomesi yake imekwisha kushonwa.

"Bado, nnyabo," akajibu, akainamisha kichwa na kukanyaga pedali.