Saa ya Chuma

Kwa miaka tisa mtangazaji mmoja wa redio alikuwa na ile saa ambayo wenzake wote waliikwepa: Jumanne, saa nane mchana, watu wameshiba na usingizi unawanyemelea. Humo ndimo alimomwaga muziki wake wa hevi metali, magitaa yananguruma, waimbaji wanapiga mayowe, ngoma kama mawe yanamiminwa juu ya bati. Kipindi akakiita Saa ya Chuma. Hata mama yake mzazi alisikiliza salamu tu, kisha akazima.

Jumanne moja mkuu wa kituo akamwita.

"Dada, hakuna simu, hakuna meseji. Hata tusi! Leo unaaga."

"Hata tusi moja, bosi?"

"Hata moja."

Hilo ndilo lililomchoma. Anayekutukana angalau amekusikiliza. Akaingia studio, akasogeza maikrofoni, akawaaga wasikilizaji wake, kama walikuwapo. Ujana wake wote kaumalizia kwenye muziki huu, kumbe alikuwa akiupigia ukuta.

Nyimbo mbili hazijaisha, mapokezini pakajaa. Mafundi wa kuchomelea vyuma kumi na wanne, kutoka karakana ya mtaa wa nyuma, aproni zimetobolewa na cheche, miwani myeusi utosini. Mkubwa wao, mama mmoja wa mabega mapana, akamvaa mkuu wa kituo.

"Kipindi chetu mnakifuta kwa nini?"

"Chenu?"

"Si Saa ya Chuma? Wakulima wana chao, wavuvi wana chao, sisi kimoja tu mnatunyang'anya! Na ndicho pekee kinachosikika mashine zikiwaka."

"Sasa mbona hampigi simu?"

"Kwa mkono upi?" Akamwonyesha glavu zake, nene kama mito.

Mkuu wa kituo, ambaye geti la nyumbani kwake lilikuwa kwa mafundi hao hao mwezi wa pili sasa, hakubisha sana. "Basi, jamani. Kiendelee."

Mtangazaji alitoka studio mbio, machozi yanamtiririka kwa furaha, akamkumbatia yule mama, masizi na yote.

"Miaka tisa, mama! Kumbe mnaupenda muziki wangu!"

"Muziki?" Yule mama akawageukia wenzake. "Kuna muziki? Sisi tunajua unatembelea karakana za mafundi wenzetu." Kisha akapunguza sauti, uso umejaa huruma. "Na yule jamaa anayepiga mayowe kila wiki, alishanasuliwa kidole kwenye mashine?"

Mtangazaji akajifuta masizi shavuni.

"Anaendelea vizuri," akasema. "Jumanne ijayo mtamsikia."