Benchi la Waliotengwa

Jumapili ya pili ya Februari, saa tatu na robo asubuhi, Bosibori alifika kanisani na chaki tatu, rejista ya darasa la vijana na chupa ya chai, akakuta benchi la nyuma limebonyea. Kishimo kilikuwa kushoto kwa Phelesia, binti aliyekaa hapo peke yake, nacho kipana, cha kumtosha mtu mzima kukaa. Alipokigusa kwa kiganja akakikuta na joto, kama kiti ambacho mwenyewe ametoka kwenda msalani mara moja. Akapangusa vumbi kwa leso, akaita majina.

Kanisa hili la mabati mekundu, nje kidogo ya Kosele, lilikuwa na desturi yake. Binti akishika mimba bila ndoa husimamishwa mbele ya washarika, huomba msamaha, kisha huhamia benchi la nyuma mpaka mtoto abatizwe. Kwaya hana, meza ya Bwana hana, kipaimara hana. Mwanamume haulizwi kitu kwa sababu, kama kamati ya wazee ilivyoeleza, mwanamume hana tumbo la kuonekana.

Phelesia alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye aliyewafundisha watoto wadogo Zaburi. Askofu angekuja Pasaka kuwapa vijana kipaimara, na Bosibori alikuwa ameapa kwamba jina la Phelesia litakuwemo. Aliapa kwa kuwa alikumbuka. Risper alikaa pale mwaka 2009, Mellen 2014, wote wa darasa lake, na wote aliwaambia wavumilie. Risper sasa anauza omena, dagaa wa ziwani, huko Sindo na kanisani hakanyagi. Mellen akimwona mwalimu wake huvuka barabara.

“Mwalimu,” Phelesia alimuuliza siku hiyo, “hata mimi utaniambia nivumilie?”

Bosibori alisema watazungumza baada ya ibada. Hawakuzungumza.

Kishimo kiliendelea kuiva. Kufikia Machi upande wake wa kulia ulikuwa na alama ya waleti, na kando yake alama ya funguo nne kwenye pete. Kamati ilishuku mchwa, ikamwita fundi. Fundi alichungulia, akasema mchwa hula mbao lakini hawampimi mtu. Basi Bosibori akapendekeza wanaume wakalie mmoja mmoja. Kamati ilikubali haraka, kila mzee akiyaamini makalio yake.

Walijaribu baada ya matangazo. Mchungaji aliteleza akatoka. Mweka hazina alibanwa. Ken wa kwaya, mwembamba kama rula, alizama humo kama mtoto kwenye karai. Akabaki Mzee Gisiri, mlezi wa vijana kwa miaka ishirini na sita, ambaye kila Agosti huwapeleka Lambwe kwa semina ya usafi wa moyo na kuwaambia, mimi ni baba yenu. Alisema goti linamsumbua. Washarika wakangoja. Akakaa.

Ubao ulilia kidogo, kama sufuria inayopata kifuniko chake. Waleti ikaingia kwa waleti, funguo kwa funguo. Phelesia alitazama dirishani.

“Hii benchi inamjua mzee,” Ken alisema.

Bosibori alisimama. Kwa mara ya kwanza alisema mbele ya wazee bila kutanguliza neno naomba. “Phelesia arudi mbele. Mzee abaki hapo hapo.”

Kamati iliingia ofisini na birika la chai. Mandazi yalipokwisha, katibu alitoka na karatasi, akasoma. Kwamba kanisa limeuona mkono wa Mungu. Kwamba benchi limemtambua mtumishi aliyewalea vijana kwa miaka ishirini na sita. Kwamba lihamishiwe mbele, kulia kwa mimbari, lipakwe vanishi, liwekewe mto. Kwamba waliotengwa, hadi lipatikane jingine, wasimame. Makofi yakapigwa, na akina mama wakapiga vigelegele kwa sababu katibu aliomba vigelegele.

Bosibori aliandika jina la Phelesia katika orodha ya kipaimara. Orodha ilirudi imechorwa mstari mara mbili, juu ya jina la binti na juu ya jina la mwalimu. Barua iliyokuja nayo ilimshukuru Bosibori kwa utumishi wake.

Pasaka, askofu alimshika Mzee Gisiri mkono na kuusifu mto. Nyuma kabisa wanawake wawili walisimama ibada nzima, mmoja na tumbo lake, mwingine na chupa ya chai.

“Hukuniambia nivumilie,” Phelesia alisema.

“Sikukuambia.”

Jumapili iliyofuata benchi jipya lilifika kutoka kwa fundi, likinukia maranda, mbao hazijapigwa hata vanishi. Lilikuwa refu kuliko la kwanza, maana kamati ilikuwa imefikiria mbele. Kabla mtu yeyote hajakaa, Bosibori alipitisha kiganja juu yake, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto.

Upande wa kushoto ulikuwa na joto tayari.