Inarudi

Kiwandani walimwita Ulimi, na ulimi wenyewe ulikuwa umekufa miezi saba iliyopita. Aliyejua ni yeye na daktari tu. Wafanyakazi walimpisha mlangoni kama zamani, wakamwamkia "Shikamoo, Bi Ulimi," naye akaitikia marahaba, huku akijisikia kama mtu anayeitwa kwa jina la marehemu.

Kazi yake ilikuwa kupanga madaraja ya macha, ule unga wa chai ya kijani unaosagwa laini kama poda. Watu wa nje hudhani macha ni macha, mradi ni kijani, na hilo lilikuwa likimuudhi tangu usichana wake. Jani changa lililofunikwa kivuli majuma matatu kabla ya kuchumwa, likasagwa taratibu kwa jiwe, litalinganaje na jani la chini lililokomaa juani? Daraja la kwanza hunywewa kwa maji matupu. La pili linahitaji maziwa ya kulitetea. La tatu ni la waoka keki, na kinacholisitiri huko ni sukari.

Kwenye makopo zilibandikwa namba, lakini chumba cha kuonjea kilikuwa na maneno yake matatu, ambayo Ulimi aliyakuta na kuyashika kwa miaka ishirini na miwili: inakwama, inapita, inarudi. La tatu hukwama kooni kwa uchungu. La pili hupita, umemeza na yamekwisha. La kwanza ukishalimeza unatulia, unahesabu moyoni hadi kumi, na utamu unapanda wenyewe kutoka nyuma ya koo, kama mgeni aliyeaga kisha akasahau mwavuli. Basi hapo ndipo unapoandika Inarudi na kutia sahihi, na hakuna mkubwa wa kukubishia.

Homa ilimlaza siku tisa. Alipoinuka, pua na ulimi vilibaki kitandani. Siku moja vitunguu viliungua jikoni naye amekaa palepale akichambua mchele, mpaka binti yake akaja mbio kutoka chumbani na kuzima jiko. "Mama, hunusi?" Akasema ana mafua. Binti alirudi chuoni akiamini hivyo, na mafua hayo yakaendelea kutajwa kwenye simu kila Jumapili.

Kazini aliponea kwenye macho. Alichota unga kidogo kwa ncha ya kijiko, akauburuza kwa kidole juu ya karatasi nyeupe. Wa kwanza huchora mstari mrefu mwembamba, na rangi yake hukukodolea macho. Wa pili huelekea manjano, na mstari wake hukatikakatika. Wa tatu ni nyasi kavu tu. Kisha povu, kisha ulaini katikati ya vidole, na juu ya yote miaka ishirini na miwili. Kwa miezi sita ya mwanzo hakukosea hata mara moja. Hilo badala ya kumfurahisha lilimchoma, maana ilionekana kama vile ulimi haukuwahi kuhitajika. Hata hivyo kila asubuhi, kabla wengine hawajafika, alijipigia bakuli moja la daraja la kwanza, akameza, akahesabu hadi kumi. Alisikia joto la maji, basi.

Mtunza stoo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mwenye mabega ya kubeba dunia na mdomo usiojua kupumzika. Yeye ndiye aliyemliza kwa kicheko siku ya arobaini ya mumewe, wakati wengine wote walimliza kwa maneno mazuri. Utani wao ulikuwa wa kila siku na haukuwa na mshindi.

Mwezi mmoja uliopita Ulimi alishuka stoo kuchukua sampuli ya makopo kumi na manne yaliyokuwa yakisubiri kupangwa. Shemeji alikuwa amekaa nje juu ya kreti, kitambaa usoni.

"Leo humo ndani hapakaliki, Shemeji," akasema.

"Wewe lini uliwahi kukalika mahali penye kazi?"

"Haya, ingia wewe mwenye mapafu ya chuma."

Akaingia, akaegemea mlango akiandika namba za makopo, akachukua alichotaka na kutoka. Shemeji alimtazama mgongoni, akacheka peke yake. Juu, chumbani kwake, unga ule ulichora mstari ambao hakuwa ameuona kwa misimu mitatu. Povu lilisimama. Aliandika Inarudi, akatia sahihi kwa mkono wa furaha. Ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu homa. Ila koti lake jeupe, alilolivua nje ya stoo kwa ajili ya joto na kulitundika kwenye msumari, hakuliona tena. Aliuliza, hakuna aliyejua.

Juma lililopita daktari alimwambia aache kusubiri. Mishipa imekufa, mama, haitaamka. Alisema kwa upole, huku akimwandikia vitamini ambazo wote wawili walijua ni za kumtoa chumbani asiondoke mikono mitupu.

Leo asubuhi meneja alimwita ofisini. Shemeji alikuwa amesimama kando ya kabati, kofia mkononi, na mezani kulikuwa na kopo moja kati ya yale kumi na manne.

"Bi Ulimi," meneja akasema, "ile chai imerudi."

Naye akatabasamu. Miaka ishirini na miwili neno hilo lilikuwa na maana moja tu masikioni mwake, na akili haikuwahi kuuzuia mdomo. "Si niliandika? Niliiona tangu siku ile."

Meneja alimtazama kama anayetafuta pa kuanzia. "Imerudishwa, mama. Mteja amerudisha makopo yote. Anasema inanuka rangi ya mafuta."

Tabasamu lilikosa pa kwenda. Meneja akaeleza polepole: mlango na rafu za stoo zilipakwa rangi siku ileile ya sampuli, makopo yakiwa humo, na macha haina adabu, hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu nayo. Alitaka kujua jambo moja. Kama harufu ilikuwemo alipoonja, basi yeye ndiye aliyeipitisha, na mwonjaji anayepitisha rangi hana kazi hapa. Kama haikuwemo, basi iliingia baadaye, makopo yakiwa mikononi mwa mtunza stoo.

"Ulipoionja ilikuwaje?"

Aliwaza ada ya binti, iliyobaki mihula miwili. Aliwaza pia jambo la aibu zaidi: kwamba nje ya chumba kile hakuwa mtu yeyote. Hakumtazama shemeji yake.

"Ilikuwa safi," akasema.

Meneja akafungua kopo. Aligeuza uso upande, na shemeji akafunika pua kwa kofia. Ulimi alibaki ameinama juu ya kopo, akitazama ule unga mzuri wa kijani, kisha akashtuka na kugeuza uso naye. Alichelewa kidogo tu. Meneja alikuwa anatafuta leso, hakuona. Shemeji aliona.

"Vifuniko sikuvibana," shemeji akasema. "Niliharakisha. Kosa ni langu."

Kiwandani hawapendi kusema mtu "kamwaga unga", yaani kapoteza kazi, karibu na mizani, huona ni uchuro. Kwa hiyo habari ilizunguka kwa kunong'ona, na ilipofika saa sita mchana shemeji alikuwa ameshakabidhi funguo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, Ulimi alimfuata nyumbani kwake. Mke wa shemeji alimfungulia mlango, akamkaribisha kwa adabu kavu, akaenda zake jikoni. Shemeji alikuwa anatengeneza mguu wa kiti. Hakutania. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na mfuko, akalitoa mle koti jeupe. Mgongoni, kutoka bega hadi bega, lilikuwa na baka la rangi ya mlango.

"Uliegemea mlango mbichi," akasema. "Mimi nimekaa nje machozi yananitoka kwa ile harufu, wewe unaandika namba. Nikajua unanifanyia vituko. Ulipolitundika nikalificha, nije nikucheke mbele ya watu siku ya sikukuu." Alilikunja tena taratibu. "Leo ndio nimeelewa. Tangu ile homa?"

Ulimi akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukusema pale ofisini?" Ulimi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya hasira, kwa sababu aibu ilikuwa imemjaa mpaka shingoni. "Ulikuwa na haki ya kusema."

"Mimi nabeba mizigo, Shemeji. Mizigo iko kila mahali. Wewe wakikutoa mle chumbani utakwenda wapi?"

"Nitasema kesho. Nitamwambia meneja yote."

"Umwambie ili iweje? Wewe watakufukuza, na mimi hawatanirudisha, maana vifuniko nimevikubali kwa mdomo wangu. Tutakuwa wawili." Alikaa, akaushika ule mguu wa kiti, akaujaribu kama umekaza. "Nimefanya hesabu rahisi tu. Mimi nitahangaika miezi miwili mitatu. Na wewe ulimi utakuwa umerudi. Daktari anasemaje? Utarudi, si ndiyo?"

Jikoni vyombo viliacha kugongana. Ulimi alielewa kwamba mke wa shemeji naye anangoja jibu, na kwamba nyumba nzima imesimama juu ya neno moja. Angeweza kulisema la kweli. Angewaambia kwamba walichokitoa kimeshuka kisimani bure, ulimi hauamki tena. Aliutazama uso wa yule mwanamume, wenye pua ya mumewe, na hakupata nguvu ya kumnyang'anya hata hicho.

"Unarudi," akasema. "Anasema taratibu, lakini unarudi."

"Umeona sasa?" shemeji akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Asubuhi iliyofuata Ulimi alifika kazini kabla ya wengine. Mtunza stoo mpya, mzee mmoja mpole kutoka idara ya kufungasha, alimletea sampuli ya mzigo mpya, akasimama mlangoni akisubiri kwa heshima, maana alikuwa hajawahi kumwona Ulimi akifanya kazi. Mstari ulikuwa mrefu, rangi ilikuwa njema. Alipiga povu, akanywa, akafumba macho. Akahesabu hadi kumi. Akaendelea hadi ishirini, hadi thelathini, mzee akiwa bado amesimama.

"Vipi, Bi Ulimi?" mzee akauliza kwa sauti ya chini.

Alifumbua macho, akavuta karatasi, akaandika Inarudi na kutia sahihi.