Picha ya Baba na Nyota

Mpiga picha aliishi kwa picha za pasipoti, lakini moyo wake ulikuwa angani. Alikuwa na kifaa kidogo kilichozungusha kamera polepole kufuata nyota, zisije zikatoka kama michirizi. Usiku mmoja alikitega juu ya paa la nyumba ya wazazi wake. Baba yake, ambaye maradhi yalishamkondesha na ambaye kamwe hakupenda kupigwa picha, akapanda kumfuata.

"Leo nipige na mimi, pamoja na hizo nyota zako."

"Kamera ikifuata nyota, baba, vya chini vinavurugika. Nitapiga mbili: moja ya nyota, nyingine yako nikiwa nimekizima hiki kifaa. Halafu nitaziunganisha."

"Sawa. Nisimame wapi?"

Baba akasimama mbele ya kamera tangu ile ya nyota. Ilipokwisha, alishikwa na kikohozi, akashindwa kuendelea kusimama. "Yangu tutamalizia kesho, mwanangu."

Kesho yake alilazwa, na hakurudi.

Baada ya mazishi mama aliomba kuiona picha ya usiku ule. Mpiga picha akaifungua kwenye kompyuta. Nyota zilitoka kali kama ncha za sindano. Chini yake palikuwa na doa jeusi, halina macho wala mdomo.

"Baba yako yuko wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole. Mama akavaa miwani, akainama, akatazama sana.

"Kinyozi hajinyoi," alisema taratibu. "Sura za mji mzima umezipiga."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi mwanawe. Akaizima kompyuta. Picha hakuifuta, kwa kuwa hakuwa na nyingine.