Kivuli cha Dirisha la Juu

Wivu haufichiki, jamani. Dada mtu ulimkaba kooni tangu mdogo wake, Kidosho, aajiriwe kwenye kampuni yao ya kutengeneza mifumo ya kompyuta. Na aliyemtafutia kazi ni yeye mwenyewe!

Kazi ya dada ilikuwa nzito, tena haionekani. Kila programu huchora dirisha lake pembeni, kwenye karatasi yake. Mpangaji, ndiyo programu aliyoiandika dada, huzikusanya karatasi hizo, akazipanga hii juu ya ile, kisha akaipelekea skrini picha moja tu, kabla hujapepesa jicho. Kidosho yeye alichora vivuli pembezoni mwa madirisha. Vivuli! Lakini bosi akipita ni Kidosho hiki, Kidosho kile. Dada roho inamchoma, meno nje.

Siku hiyo bosi angeiona kazi kwenye skrini kubwa, kisha amteue mkuu wa kikundi. Cheo hicho dada alikuwa akikiota miaka.

"Dada, njoo uone dirisha langu la maonyesho!" Kidosho aliita asubuhi.

"Nitaliona huko huko mkutanoni."

Akaketi, akamwamuru mpangaji: dirisha la saa, alilolitengeneza yeye dada, likae juu ya yote, lilifunike la Kidosho lote. Dirisha lililofunikwa lote mpangaji hulipita, halichori. Utajiju, mwanakwetu!

Kweli, mkutanoni Kidosho akabonyeza dirisha lake litokee, wapi. Akabonyeza tena, jasho likamtoka. Saa ya dada imetulia tuli katikati ya skrini. Kiko wapi sasa?

Bosi akainuka, akaisogelea. "Hebu ngoja. Hii saa imeinuka, utadhani unaweza kuishika! Nani kaifanya hivi?"

Dada akaangalia vizuri: kivuli kipana kimeizunguka saa yake. Dirisha la juu kabisa ndilo hupewa kivuli kipana kuliko yote. Kanuni hiyo aliiandika Kidosho, na dada aliipitisha bila kuisoma, kwa dharau tu.

"Ni kivuli changu, bosi," Kidosho akasema, machozi yanamlengalenga. "Lakini saa ni ya dada. Nadhani ameiweka juu makusudi ili kivuli kionekane vizuri. Asante, dada."

"Basi mkuu tumempata," bosi akasema, akampa Kidosho mkono.

Watu wakapiga makofi. Dada naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote, maana mdogo wake alikuwa akimtazama yeye tu.