Nguzo ya Sita

Kitivo cha uhandisi kilipokaribia kutimiza miaka hamsini, Mkuu wa Kitivo alimwita Mama Zege ofisini akamwomba aandike historia ya kitivo. Mama Zege hakuwa mhadhiri. Alikuwa fundi wa maabara, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuvunja vipande vya zege kwa mashine na kuandika kila kimoja kimevunjika kwa nguvu kiasi gani. Ndiko jina lilikotoka.

"Wahadhiri huja wakaondoka," Mkuu alimwambia. "Wewe ndiye unayejua kila kitu kilipo. Kurasa kumi tu, ziwe tamutamu. Sherehe ni Jumamosi ijayo."

Hadithi yenyewe kila mtu aliijua nusunusu. Kitivo kilianzia kwenye ghala kuukuu: wanafunzi kumi na mmoja, walimu watatu, ubao mmoja. Jengo hakuna, basi wale kumi na mmoja wakajijengea. Walikoroga zege kwa makoleo, wakasimamisha nguzo nane, wakaezeka mabati. Hiyo ikawa maabara. Miaka ikapita, mabati yakaondolewa, ghorofa ikapandishwa. Maabara ikabaki chini; huko juu kwanza ikawa maktaba, kisha chumba cha kuchorea ramani, na sasa ukumbi wa watu mia nne. Kila mwaka wanafunzi wapya walipelekwa kuzishika zile nguzo, wakaambiwa, "Hizi walimwaga wenzenu."

Jumatano, katika kupekua stoo, Mama Zege alilikuta daftari la kwanza la majaribio nyuma ya mitungi ya gesi. Alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Akaketi juu ya mfuko wa saruji, akaanza kusoma. Kila nguzo ilipomwagwa, walichukua sampuli mbili za zege lake, wakavunja moja baada ya siku saba na nyingine baada ya siku ishirini na nane. Nguzo ya kwanza: nguvu kumi na saba, halafu ishirini na sita. Ya pili vivyo hivyo. Kipimo kilichotakiwa kilikuwa ishirini na tano, kwa hiyo mambo yalikuwa shwari.

Alipofika nguzo ya sita kidole chake kikasimama. Siku ya saba: tisa. Siku ya ishirini na nane: ishirini na sita.

Zege linaloanza na tisa huishia kumi na tatu, likijitahidi sana kumi na nne. Akauinua ukurasa dirishani. Karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, na chini ya ile ishirini na sita, kwa wino uliofifia, palikuwa na namba kumi na mbili.

Nguzo ya sita ilikuwa katikati ya maabara, hatua tatu kutoka mezani kwake. Miaka yote hiyo alikuwa akiiegemea akinywa chai.

Akalipeleka daftari kwa Mkuu. Mkuu alisoma, akasoma tena, kisha akalifunga taratibu.

"Jengo limesimama miaka arobaini na ushee. Leo ndio lianguke?"

"Halijawahi kubebeshwa watu mia nne kwa mpigo, Mkuu. Wanaketi humo hamsini, sitini. Tuufunge ukumbi."

"Nimeshaalika watu, Mama Zege. Wageni wako njiani. Usitutie nuksi, tafadhali. Sherehe ikiisha tutapima."

Alisema hivyo, lakini alipokuwa akimrudishia daftari, macho yake yalikuwa juu, darini.

Jioni Mama Zege alikula nyumbani na binti yake. Huyu, kitinda mimba wake, alikuwa mwaka wa pili kwenye kitivo hichohicho. Kundi lake ndilo lililopewa kazi ya kuipandisha ukumbini injini ya kwanza ya kufundishia, dude la tani moja na nusu, ili wageni waione.

"Kesho usipande," mama akamwambia.

"Kwa nini?"

"Nimekuambia usipande."

"Mama, mimi ndiye kiongozi wa kundi. Nisipotokea watanicheka mpaka nimalize shule." Akaondoa sahani, mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi Mama Zege hakwenda kazini. Alikwenda kwa Mwalimu Rula, mzee wa miaka themanini na mmoja, wa mwisho aliyebaki hai kati ya wale walimu watatu. Aliitwa Rula kwa sababu enzi zake hakutoka nyumbani bila rula mfukoni. Mama Zege mwenyewe alikuwa amepita mikononi mwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Karibu ki—" Akaliona daftari. Hakumalizia neno.

"Ni mimi niliyeikwangua ile namba," mzee akasema. "Vijana walikuwa wamechoka, wakaongeza maji ili zege liwe laini. Sikuona mpaka sampuli ilipovunjika. Nikajiambia, si itabeba mabati tu? Hata fito ingeyabeba."

"Na ghorofa, Mwalimu?"

"Ghorofa waliipandisha nikiwa masomoni ng'ambo. Waliona daftari, wakaona ishirini na sita, wakapiga hesabu zao. Niliporudi nikakuta maktaba imejaa vitabu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kila mwezi nilikuwa nakwenda kuiangalia. Kila mwezi naiona imesimama, nasema nitasema mwezi ujao. Siku hizi huko juu kuna nini?"

"Jumamosi watakuwa watu mia nne. Na leo wanapandisha injini."

Mzee akashika mikono ya kiti, akajaribu kuinuka, miguu ikamkatalia. "Nipe viatu vyangu," akasema. "Haraka, mwanangu."

Walifika maabara saa nne, mzee akimwegemea. Mlangoni tu Mama Zege aliusikia mngurumo juu ya kichwa chake: magurudumu ya chuma yakiburuzwa sakafuni. Injini ilikuwa imeshamaliza mteremko wa mbao uliowekwa ngazini na sasa ilikuwa ukumbini.

Alichukua nyundo na tindo, akaipiga nguzo ya sita usawa wa kifua. Plasta ikadondoka kipande kizima. Ndani yake zege lilikuwa na vishimo kama mkate. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwa mkono mtupu. Ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, mchanga ukafuata, ukamwagika miguuni pake kama sukari kutoka gunia lililotoboka.

Juu, dude likasogea tena. Nguzo ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti. Ufa mwembamba ukapanda kutoka kwenye lile shimo hadi darini, wao wakiutazama.

"Usipige tena," Mwalimu Rula akanong'ona. "Wateremshe. Bila kelele. Wakikimbia, imekwisha."

"Toka nje kwanza, Mwalimu."

"Mimi nitauangalia ufa. Nenda!"

Alipanda ngazi, nyundo mkononi. Ukumbini kulikuwa na vijana kama thelathini, wanacheka, wanavuta kamba. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ni ileile ya maabara.

"Acheni kuvuta. Wekeni kamba chini polepole. Mtashuka mmoja mmoja, mkipita ukutani, mkitembea kama mko msibani. Atakayekimbia namfelisha."

Wengine wakacheka. Walipoutazama uso wake wakaacha.

Wote wakaanza kutoka, isipokuwa mmoja. Nyuma ya injini, binti yake alikuwa amechuchumaa, ameikandamiza kabari kwenye gurudumu kwa mikono yote miwili.

"Mama, nikiachia inarudi ngazini. Na wenzangu wako huko."

Kweli, sakafu ilikuwa imeinama, na hapo awali haikuwa imeinama. Mama Zege alitaka kumshika mkono amburute. Badala yake akapiga magoti kando yake, akaweka mikono yake juu ya ile ya mwanawe. Wakakaa hivyo, wakihesabu vichwa vikipungua ngazini. Kumi na tisa. Kumi. Kutoka chini ule mlio ukasikika tena, mara mbili.

"Mama, ni nini hicho?"

"Nyamaza, hesabu."

Wa mwisho aliposhuka, Mama Zege alichukua kabari ya pili iliyokuwa kando ya injini, akaigongomea kwa nyundo, mapigo matatu mepesi. Mama akavua koti lake akalifunga kiunoni, wakashuka wameshikana. Mwalimu Rula walimkuta palepale, amesimama mbele ya nguzo, na ilibidi wamtoe wakimbeba.

Mkuu wa Kitivo alikuja anafoka. Akafika dirisha la maabara, akauona ule mchanga na ule ufa, akaamuru jengo lifungwe. Mchana ule mafundi waliingiza mirunda ya chuma ya kushikilia dari, wawili wawili, wakipokezana. Jengo halikuanguka.

Sherehe ilifanyika chini ya mahema kwenye maegesho ya magari. Mwalimu Rula aliomba nafasi akasimulia yote mwenyewe, bila kujitetea. Kati ya wale kumi na mmoja walikuwepo wanne. Mmoja alimshika mkono. Mwingine, mhandisi mzee mwenye mvi, aliinuka akaondoka bila kumuaga mtu. Na kuhusu ile historia, Mkuu aliomba ukurasa wa tisa, wenye habari za nguzo ya sita, upunguzwe kidogo. Mama Zege akakataa, Mkuu akauacha ulivyo.

Nguzo ilivunjwa ikajengwa upya, kazi ya miezi saba. Maabara ilihamishiwa kwa muda kwenye kibanda cha nyuma. Huko ndiko binti alikomfuata mama yake siku moja mchana, akaketi kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, akamuuliza bila kumtazama:

"Siku ile uliogopa?"

"Nilijikojolea, mwanangu."

Binti akageuka. "Kweli?"

"Unafikiri kwa nini nilifunga koti kiunoni?"

Walicheka mpaka fundi wa jirani akaja kuchungulia kulikoni.