Msipunguze Mafuta ya Mlingoti

Wenzangu wenye watoto, na ninyi wageni mnaokuja Malta kila Agosti kutazama sikukuu zetu, someni haya kabla hamjamhurumia mtu. Huruma ikiwekwa mahali pasipo pake huvunja meno. Nasema hivi mimi, mwoga kuliko mama yeyote wa bandari hii. Waulizeni majirani. Mtoto wangu akikohoa ghorofani, mimi nimeshapanda ngazi.

Siku binti yetu Doriana aliposema mwaka huu atakimbia mlingoti, nilikuwa nakaanga vitunguu vya mchuzi wa sungura. Mwiko ukanidondoka.

"Mlingoti upi?" nikamwuliza, kana kwamba bandari yetu ina miwili.

"Mama, usijifanye hujui."

Mlingoti ni ule unaolazwa siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Shina lake hufungwa kwenye tishari, ile mashua pana ya mizigo, ncha yake ikanyanyuka juu ya bahari, na mwili wote unapakwa mafuta ya nguruwe mpaka uwe kama samaki. Kule nchani huchomekwa bendera tatu. Unakimbia peku. Ama unainyakua bendera, ama bahari inakunyakua wewe. Tangu enzi za babu zetu wanaokimbia ni wanaume tu. Wasichana wameanza juzijuzi tu, tena wa bandari za wenzetu.

"Hakuna msichana wa hapa aliyewahi," nikamwambia.

"Ndiyo maana nataka."

Nikamgeukia baba yake, nikitegemea atakataa. Wistin, mume wangu, ni mtu wa kunyamaza. Akisema maneno mawili huona amehutubia. Tena yeye ndiye mpakaji wa mafuta ya mlingoti, kazi aliyoachiwa na baba yake, na hakuna anayemsimamia. Anapaka alfajiri peke yake, na akishashuka hapana mkono mwingine unaougusa. Wakimbiaji wanauamini mkono wa Wistin kama wanavyoziamini kengele za kanisa. Basi siku ile alikata mkate, akaula wote, akasema, "Atakimbia."

Habari haikulala. Kesho yake Salvina, jirani wa roshani ya mbele, ambaye mwanawe Redent ndiye bingwa wa vijana, akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya kichochoro, huku akianika mashuka.

"Mama Doriana! Nasikia bintiyo anataka kufua nguo zake akiwa amezivaa!"

"Zake bahari itazifua, shoga. Za Redent wako zinasubiri nani?"

Akacheka mpaka kibanio kikamponyoka kikaanguka chini. Sisi ndivyo tulivyo. Asiyetaniwa kwetu ni maiti, na hata maiti hutaniwa kidogo njiani.

Wiki ile ya sikukuu chumba chetu cha juu alikipanga mgeni, Sinyora Ornella, msusi mstaafu kutoka Italia bara. Alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, kutazama mandhari, kula, na kuvuta hewa ya watu. Alivifanya vyote vitatu bila kupumzika. Alikula sungura wangu wa mvinyo akaongeza sahani, akapangusa mchuzi kwa mkate. Alitaka kujua kwa nini mashua zetu zimechorwa macho, na kwa nini kanisa letu lina saa mbili ukutani na mojawapo haisemi kweli.

"Ya uongo ni ya shetani," nikamwambia. "Asijue saa ya misa."

"Na ninyi mnajuaje ipi ni ya kweli?"

"Sisi si mashetani, Sinyora."

Nilimjibu kila swali kifua mbele. Kuta za ngome yetu zimezuia meli za wafalme, na bado jua likizigeukia jioni zinakuwa rangi ya asali. Mtu akivisifu vitu vyetu hivyo mezani pangu, hata kama amelipia chumba, namwongezea zeituni.

Jumapili ya sikukuu tukarudi kutoka misa ya asubuhi, nikaandaa mkate uliosuguliwa nyanya, mafuta na kitunguu. Nje fataki zilikuwa zinatikisa vioo. Doriana alikuwa ameshakwenda kwa wakimbiaji wenzake kupiga kura ya zamu. Sinyora Ornella akaanza kunieleza uzuri aliouona.

"Leo niliamka mapema, nikakaa roshani. Nikamwona mumeo kule kwenye mlingoti, anapaka mafuta kwa upendo kabisa. Halafu akatoa kifuko mfukoni akanyunyiza unga. Ni unga wa baraka?"

"Unga gani?"

"Mweupe wenye unjano. Aliunyunyiza katikati tu, akapitisha mafuta juu yake, membamba, kama anayepamba keki. Nikasema, tazama, hawa watu wana mila nzuri!"

Kisu kikasimama ndani ya mkate. Unga mweupe wenye unjano kwetu ni wa aina moja: vumbi la jiwe. Nyumba zetu, kanisa na ngome, vyote vimechongwa katika jiwe hilo laini, na vumbi lake liko kila mahali wanapojenga. Ukilitia chini ya mafuta, mguu unashika.

Nikamwelewa Wistin mara moja. Alimwekea mwanawe mahali pa kukanyaga. Na sitadanganya, kwanza roho ilitulia. Hatateleza, nikasema moyoni. Kisha nikamkumbuka kaka yangu Nenu.

Mwaka aliokimbia Nenu, jua lilikuwa limekausha mafuta mahali padogo, ukubwa wa kiganja. Alikuja kwa kasi, mguu mmoja ukakwama pale, na mwili ukaendelea na safari. Kidevu kikagonga mlingoti, akaporomoka akijigonga ubavu, hata bahari ilipompokea alikuwa hana fahamu. Mpaka leo anatafunia upande mmoja. Mtu asiyejua huona mafuta ndiyo hatari. Waulizeni waliokimbia. Ukiteleza, mlingoti unakutupa pembeni, chini yako ni maji matupu, unazama unatoka unacheka. Anayekwama ndiye anayebebwa.

Na pale katikati ndipo kasi inapokuwa kali zaidi.

Nikatoka na aproni yangu. Sinyora Ornella akanifuata anauliza amekosa nini, nami sikuwa na pumzi ya kumjibu. Wistin nilimkuta ukingoni mwa bandari, amejitenga na wenzake waliokuwa wakinywa bia.

"Wistin, umetia vumbi."

Akatazama viatu vyake. "Asiteleze."

"Na akikwama?"

"Ni kidogo tu."

"Nenu alikwama kwa kidogo."

"Nenu alikuwa amelewa."

"Nenu hakujua ladha ya pombe mpaka alipovunjika. Wewe mwenyewe ulimbeba. Usinidanganye mimi, Wistin."

Akanishika mkono. "Karmni, tuna mtoto mmoja."

"Ndiyo maana nimekuja mbio."

Akanionyesha umati. Watu walikuwa wamejaa juu ya mawe, kwenye mashua, madirishani. "Nikipanda sasa wataniuliza nafuta nini. Baba yangu alipaka mlingoti huu hadi kufa kwake, hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Nitawaambia nini?"

"Waambie ulichofanya. Au nitapanda mimi niwaambie."

Wakati huohuo tukasikia kura zinatangazwa. Wa kwanza kukimbia hakuwa Doriana. Alikuwa Redent wa Salvina. Wistin akawa mweupe kuliko lile vumbi. Ndipo lilipomwingia: mlingoti haujui mtoto wa nani. Alikuwa amemtega mtoto wa jirani yake.

Akaenda. Mume wangu, ambaye harusini kwetu padri ilibidi amrudishie swali, alipanda kwenye tishari mbele ya watu wote akainua mikono. Bendi ikanyamaza, tarumbeta moja ikachelewa.

"Nilitia vumbi katikati," akasema. "Niliogopa kwa ajili ya binti yangu. Naliondoa. Nisameheni."

Redent, aliyekuwa ameshavua shati, akaukodolea macho mlingoti. "Ningekwama mimi, Mzee Wistin?"

"Ungekwama wewe, mwanangu."

Nikamtazama Salvina kule mbele, mikono kiunoni. Nikajiambia, leo tumekwisha, leo atatuvua nguo hadharani, na haki anayo. Alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Wistin!" akapaza sauti. "Mwizi wewe wa mafuta! Futa hilo vumbi lako, halafu upake mpaka nzi akitua ateleze! Na kama mafuta yamekwisha, nitaleta yangu ya jikoni!"

Umati ukaangua kicheko, na mimi nikalia. Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua chungu cha mafuta niliyoweka kwa ajili ya maandazi ya nyama. Sinyora Ornella akakishika upande mmoja, gauni lake la hariri likaingia doa ambalo mpaka anaondoka halikutoka. Salvina naye akaja na chake. Wistin akatambaa juu ya mlingoti na kitambaa na maji ya bahari, akasugua pale katikati mpaka mti ukaonekana, kisha akapaka. Mimi nilisimama kwenye tishari nikimkabidhi mafuta kwa viganja. Hakuna mke wa mpakaji aliyewahi kufanya hivyo, na hakuna aliyekumbuka kukataza.

"Ongeza," nikawa nasema. "Ongeza hapo."

Doriana akasogea, amejifunga nywele, yuko peku. Alimtazama baba yake kwanza. "Baba, hukuniamini?"

"Wewe nakuamini. Mlingoti ndio siuamini."

Akanigeukia mimi, mikono yangu inang'aa mpaka viwiko. "Na wewe Mama, unaniongezea mafuta! Unataka nianguke?"

"Nataka uanguke vizuri."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu asubuhi.

Redent alikimbia, akafika palepale katikati, mguu ukampiga chenga, akaruka pembeni akiwa mzima, bahari ikamla. Alipotokeza kichwa, Salvina akajipiga ishara ya msalaba kisha akamtukana kwa uvivu. Wengine wakafuata. Ikaja zamu ya Doriana, nikafumba macho.

"Sinyora, niambie."

"Anakimbia... Ameanguka!"

"Wapi?"

"Mwanzoni tu. Hata hajafika mahali. Ametoka majini. Anacheka!"

Watu walimzomea kwa mapenzi. "Umesahau sabuni!" mmoja akasema. Zamu ya pili akafika katikati, akaenda pembeni kama Redent. Safari ile nilitazama kwa jicho moja. Niliuona mguu wake unateleza bila kushikwa na kitu, na mwili unaondoka kwenye mti kwa usalama, nikajua kwamba vumbi lingekuwapo, pale ndipo angekwama. Nikakaa juu ya fungu la kamba.

Kwa kadiri wanavyokimbia, mafuta hupungua kwa miguu yao wenyewe, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kila anayeanguka anamsafishia njia anayefuata. Kijana mmoja wa mashua za taksi akanyakua bendera ya juu. Redent akanyakua ya pili, mama yake akapiga vigelegele kama amejifungua upya. Ikabaki ya chini, na aliyekuwa mbele katika mstari ni binti yangu.

Niliyafungua macho yote mawili.

Alijipiga ishara ya msalaba, akaondoka. Hakukimbia kama wanaume wanaopiga miguu. Alipita kama mtu anayekwenda juu ya makaa ya moto. Akavuka katikati. Karibu na ncha miguu yote miwili ikamtoka kwa pamoja, nami nikasikia watu wakisema "aaah". Lakini bendera ile hainyakuliwi na aliyesimama. Inanyakuliwa na anayeanguka. Alikuwa ameshalala hewani, mkono umenyooka, vidole vikafunga. Bahari ikafunguka na kujifunga.

Maji yakatulia. Wistin alikuwa ameshatoa kiatu kimoja.

Kisha kikatokea kitambaa cha manjano na cheupe, chini yake mkono, chini ya mkono kichwa cha Doriana, anatema maji. Kengele zikalia, mashua zikapiga honi, na bendi ikaanza wimbo wa mtakatifu kabla kiongozi wao hajainua fimbo. Msichana wa kwanza wa bandari yetu. Nilimwita jina lake mpaka sauti ikakauka, na wala sikuwa mwenye sauti kubwa kuliko wote, kwa maana Salvina alikuwa amepanda juu ya kreti ya bia anawatangazia watu wasiomjua:

"Huyo wa kichochoro chetu! Wa kichochoro chetu huyo!"

Kamati imemwambia Wistin kwamba mwaka ambao mtoto wake anakimbia, mafuta atapaka mwingine. Amekubali, na nadhani ameshukuru. Doriana anasema mwakani anataka bendera ya juu, na mimi nimeshaanza kukosa usingizi.

Kwa hiyo nawaonya. Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kisiwa kizima cha Malta kingeweza kusema vivyo hivyo. Mkimwona mtoto wa mtu anaukaribia mlingoti, fumbeni macho kama mimi, ombeni, shikeni mkono wa mgeni aliye karibu hata kama hamjuani. Lakini mafuta yaacheni. Na kama mnayo ya ziada jikoni, yaleteni.